Treni tatu, Shangazi na siku moja ya ziada: New York hadi Klamath Falls

Nimerudi wiki ya pili sasa, na daftari langu la safari lina kurasa zilizogandana kwa chai. Nimeyapanga haya kwa kufuata saa zilizo kwenye picha za simu, maana kumbukumbu yangu na ya Shangazi hazikubaliani hata kwenye siku tuliyofika.

Kwanza, kwa nini treni. Shangazi alifanyiwa upasuaji wa sikio na daktari akamkataza ndege kwa muda. Mwanawe ni nesi huko Klamath Falls, mji mdogo kusini mwa Oregon, na mama mtu alikuwa amekata shauri kwamba atamwona mwezi huu wa Julai, sikio lipende lisipende. Mimi nikateuliwa kuwa msindikizaji. Kutoka New York hakuna treni ya moja kwa moja. Unapanda ya kwanza hadi Chicago, ya pili hadi Sacramento, ya tatu unakwea nayo kaskazini. Nilinunua zote kwa tiketi moja, viti vya kawaida, dola 236 kila mmoja. Kwenye ratiba ya siku zile tulikuwa na karibu saa nne za kusubiri Chicago na karibu saa kumi Sacramento. Nilizionea huruma hizo saa kumi. Nikasema, watu gani hawa wanaopoteza siku nzima ya mtu stesheni?

Siku ya 1, Jumatano. New York hadi Albany

Tuliondokea Moynihan, ukumbi mpya uliofunguliwa Januari 2021 ndani ya jengo la zamani la posta. Ni mzuri, ila viti ni vya kutafuta kwa tochi. Shangazi alikalia begi lake. Saa 9:40 alasiri treni iliondoka kwa dakika yake.

Ukipita njia hii kwenda kaskazini, kaa kushoto. Mto Hudson unakuwa dirishani kwako kwa saa mbili na zaidi, treni imeukumbatia ukingo kiasi kwamba huoni ardhi chini yako, unaona maji tu.

Albany tulifika jioni vizuri kabisa. Pale hubadilishwa kichwa cha treni, kwa sababu kile kinachotoka New York kimetengenezwa kutumia pia umeme kwenye mahandaki ya mjini. Pale pale ndipo mabehewa yanayotoka Boston huja kuungwa na yetu, mkia wao kwa wetu, halafu wote tunakuwa treni moja. Sasa, siku hiyo dhoruba ilikuwa imeangusha mti kwenye njia ya Boston. Ratiba ilitaka tuondoke saa 1 na dakika chache usiku. Tuliondoka karibu saa 3.

Sikujali. Saa mbili kasoro zimeliwa, zimebaki mbili na ushei. Hesabu ilikuwa bado upande wangu.

Siku ya 2, Alhamisi. Ohio, Indiana, na saa ya Shangazi

Cleveland tuliingia kunapambazuka, wakati ratiba inasema usiku mkubwa. Hapo ikapanda familia ya Waamishi, Wakristo wanaoishi kwa mila za zamani: babu mwenye ndevu bila masharubu, bibi aliyefunga kilemba cheupe, binti yao na watoto watatu waliosinzia wamesimama. Walikuwa wameketi stesheni tangu usiku. Waamishi wengi hawapandi ndege kwa misingi ya imani yao, kwa hiyo treni za masafa marefu utawakuta sana. Bibi alikaa ng'ambo ya Shangazi. Wakatazamana vilemba. Wakatabasamu.

Baada ya Toledo ndipo safari ilipoharibika. Tulikuwa tumechelewa saa mbili na robo tatu, na hapo nikafundishwa jambo ambalo sikulijua: treni iliyochelewa huzidi kuchelewa. Sehemu kubwa ya reli huko Marekani ni mali ya kampuni za mizigo, na treni ya abiria hupita kama mgeni mwenye miadi. Sheria ya tangu 1973 inasema abiria apewe nafasi mbele ya mizigo, lakini ukishapitwa na zamu yako unaikuta njia imejaa. Na treni za mizigo za siku hizi ni ndefu mno, nyingine hazitoshei kwenye njia ya kupishania. Asiyetoshea hawezi kusogea pembeni, kwa hiyo anayesogea ni wewe.

Tulisimama katikati ya mahindi. Upande wangu mahindi, upande wa Shangazi mahindi. Baada ya dakika 50 kondakta alitangaza kwamba treni ya mizigo iliyo mbele yetu wafanyakazi wake wamemaliza saa zao. Sheria haiwaruhusu kuzidi saa 12 kazini; zikifika, wanasimama hapo walipo mpaka wenzao waletwe kwa gari. Basi tukasubiri gari hilo lipite barabara za mashamba likitafuta treni.

Bibi Mwamishi alifungua kikapu. Mkate wa nyumbani, jibini, siagi ya karanga yenye utamu wa ajabu, matango ya siki. Walikuwa wamefungasha chakula cha siku tatu kwa safari ya siku mbili, na bila kuuliza akamkatia Shangazi kipande kikubwa kuliko cha mumewe. Shangazi Kiingereza chake ni cha salamu na shukrani, na bibi nyumbani kwao huongea lahaja ya Kijerumani, lakini walikwenda vizuri sana. Mimi malipo yangu yalikuwa simu. Mzee hakuwa na simu, na nao walikuwa wakiunganisha Chicago, kwa hiyo kila nusu saa nilimsomea treni yao inasemaje.

"Bado haijaondoka, mzee."

"Wala sisi hatujafika," alijibu, akaendelea kumenya yai.

Karibu na Elkhart kondakta alipita na karatasi mkononi, kiti kwa kiti: nani anaunganisha, treni gani, watu wangapi. Aliandika kwa penseli ya rangi nyekundu. Wa treni yetu ya saa 8 mchana tulikuwa 31. Nilimuuliza kama watatungoja. Alichuchumaa usawa wa kiti changu, jambo nililompendea, akanieleza bila kunipaka mafuta: wakiishikilia ile ya California kwa ajili yetu nayo itapoteza zamu yake, na ina zaidi ya kilomita 3,900 mbele yake na watu wa kuunganisha huko iendako. "Msihangaike kukimbia," alisema. "Mkifika, nendeni kaunta na tiketi zenu. Majina yenu yatakuwa yametangulia."

Shangazi wakati wote huo alikuwa akiamini tumeshachelewa zaidi, kwa sababu alikataa kurudisha saa yake ya mkononi nyuma. Chicago iko nyuma ya New York kwa saa moja, Denver mbili, California tatu. Saa zote za tiketi ni za mahali pale stesheni ilipo. Ukielekea magharibi unazawadiwa saa. Ukirudi mashariki unanyang'anywa, na huko ndiko watu huachwa huku wanaona bado wana muda. Simu hujirekebisha yenyewe. Shangazi hajirekebishi.

Tuliingia Chicago saa 9:05 alasiri. Saa ya Shangazi ilisema saa 10:05. Treni yetu ilikuwa imeondoka saa moja na dakika tano kabla.

Jioni ile ile. Union Station

Ukumbi mkubwa wa stesheni hii ya 1925 una mabenchi marefu ya mbao na dari ya vioo juu sana, na mtu aliyeachwa na treni anaweza kuachwa mahali pabaya kuliko hapo. Foleni ya kaunta ilikuwa ndefu ila ilisogea. Dada aliyetuhudumia alisoma tiketi, akapiga vitufe, akatupa: viti vya kesho saa 8 mchana, viti vipya Sacramento, vocha ya hoteli, pesa kidogo ya chakula na nauli ya teksi. Dakika saba. Hakuniuliza kosa ni la nani.

Mbele yetu alikuwa kijana mwanafunzi niliyemzoea tangu Buffalo, anakwenda Albuquerque. Treni yake iliondoka saa 8:50, ameikosa kwa dakika 15. Yeye alikuwa na tiketi mbili. Kwenye simu yake aliona akinunua vipande mbalimbali anaokoa dola 18. Kwa mfumo wa kaunta, kijana huyu hakuachwa na treni ya kuunganisha. Aliwasili Chicago safari yake ikaisha, halafu mtu mwingine mwenye jina lake akashindwa kutokea kwenye treni ya Albuquerque. Hoteli hakuna, vocha hakuna. Dada wa kaunta alimtafutia kiti cha kesho na kumpunguzia alichoweza, akalipa dola 64 juu.

Kwa hiyo, wenzangu mtakaopita huku: safari nzima iwe namba moja ya tiketi, na muunganisho uwe ule mfumo wenyewe uliokupangia. Ukijiunganishia mwenyewe, lala usiku mmoja katikati. Na usiache kaunta kabla hujaona karatasi ya kila kipande kilichobaki. Sisi tulikaribia kuondoka na treni ya pili imebadilishwa na ya tatu bado ni ya tarehe ya zamani. Shangazi ndiye aliyeuliza, "Na ile ya usiku?"

Begi letu kubwa tulilikabidhi New York, nalo likabaki stoo ya stesheni hadi kesho. Dawa za presha Shangazi alizibeba kwenye kipochi chake kifuani. Nguo za kulalia zilikuwa kwenye begi. Tulilala na nguo za safari.

Kijana wa Albuquerque alisema atakaa mkahawani mpaka kuche. Shangazi akanivuta mkono. "Mwanangu, huyu mtoto ana mama." Nikafikiri atanitaka nimlaze kitandani kwangu, lakini alikuwa ameshafanya mpango wake: Waamishi walikuwa na vyumba viwili kwa vocha zao na mzee alikuwa analala na wajukuu wa kiume. Kitanda kimoja zaidi hakikuwa tatizo kwake. Sijui waliongea lugha gani, yeye na yule bibi. Nilichoona ni kijana anabeba kikapu chao.

Siku ya 3, Ijumaa. Chicago hadi usiku wa Nebraska

Asubuhi tulitembea kando ya mto, tukanywa chai na mandazi ya kizungu yenye sukari juu (dola 14, ghali), tukarudi stesheni mapema kuliko lazima. Saa 8 mchana kamili tuliondoka. Mabehewa ya magharibi ni ya ghorofa. Viti viko juu, vyoo chini. Mississippi tuliuvuka Burlington kwenye mwanga wa jioni. Iowa ni mahindi. Nimeshaeleza mahindi.

Siku ya 4, Jumamosi. Denver, milima, na aibu

Denver tulifika tumechelewa dakika 40 tukaondoka tumechelewa 10. Siri ni kwamba ratiba ina akiba: kusimama kwingine kumewekwa kurefu makusudi ili treni ivute pumzi. Usiamini sana neno "imechelewa" asubuhi, wala usiamini "iko kwa wakati" ukiwa na milima mbele.

Kutoka Denver treni hupanda kwa kujikunja. Kuna kona moja kubwa ambako mabehewa ya zamani yamejazwa mchanga na kuegeshwa daima kando ya reli, ili upepo usiangushe treni. Halafu unaingia Moffat, handaki la kilomita 10 lililofunguliwa 1928, chini ya mgongo wa bara: huku mvua inakwenda Atlantiki, kule Pasifiki. Wanakuomba usitembee kutoka behewa hadi behewa mpaka mtoke, kwa sababu ya moshi wa dizeli. Mle ndani giza ni la dakika kumi hivi na watu husema polepole bila kuambiwa.

Baadaye unaukuta Mto Colorado na kuufuata kwa saa nyingi. Nilimpeleka Shangazi behewa la vioo, nikampatia kiti cha dirishani, nikamwambia hapa ndipo pazuri kuliko pote. Chini yetu ukatokea mtumbwi wa mpira wenye vijana sita wamevaa maboya. Walipoiona treni wakasimama wote, wakageuka, wakashusha kaptula. Ni desturi yao, mhudumu alitueleza. Huifanya kila treni ikipita, miaka nenda miaka rudi. Shangazi hakufumba macho. Alihesabu kwa kidole, moja hadi sita, kisha akavuta kanga usoni akacheka hadi machozi. Mtumbwi wa pili ulipokuja ndiye aliyeniambia niandae simu.

Mchana joto lilipanda tukaanza kutambaa. Chuma cha reli hutanuka juani, kinaweza kupinda, kwa hiyo hutolewa amri ya kupunguza mwendo mpaka jua lipoe. Jangwa la Utah ulitazame kwa mwendo huo, utaridhika nalo. Salt Lake City saa 7 usiku badala ya saa 5.

Mkahawa ulibakiwa na supu ya kikombe, chipsi na karanga. Beba chakula. Nasema kama mtu aliyefundishwa na Mwamishi.

Siku ya 5, Jumapili. Nevada hadi Sacramento

Nevada asubuhi: treni ya mizigo, tukasimama, nyingine, tukasimama tena. Nilikuwa nimeacha kuangalia simu. Kwenye milima ya Sierra Nevada, jirani na Ziwa Donner, reli hupita ndani ya mapaa ya zege ya kuzuia theluji, unaona ziwa, halafu ukuta, halafu ziwa.

Sacramento tuliingia saa 11:50 jioni, saa tatu na nusu na zaidi nyuma ya ratiba. Kwenye zile saa kumi nilizozionea huruma, zilibaki sita. Nilipanga tuende makumbusho ya reli yaliyo hatua chache kutoka stesheni, maana ni hapa ndipo mwaka 1863 walipoanzia kujenga upande wa magharibi wa reli iliyovuka bara hadi ikakutana na mwenzake Utah tarehe 10 Mei 1869. Yalikuwa yamefungwa. Tukazunguka mji mkongwe, njia za mbao zinalia chini ya viatu, tukala wali na samaki kwa dola 41, tukarudi kusubiri ya saa 5:59 usiku.

Saa 5:59 haikuja. Tulioogopa kuachwa tangu Ohio ndio tuliokaa kwenye benchi tukiingoja treni, mpaka saa 7:10. Kwenye foleni ya kupanda kila mtu alikuwa na blanketi begani kasoro sisi. Dada mmoja aliyekuwa akisafiri na paka kwenye kikapu alimpa Shangazi shali yake. "Nitaichukua asubuhi," alisema, na asubuhi alikuwa ameshuka. Shali iko nyumbani kwa binamu. Ni ya kijani, ina manyoya ya paka.

Siku ya 6, Jumatatu. Klamath Falls

Niliamshwa na ukimya wa behewa zima. Watu walikuwa wamesimama kwenye madirisha ya kulia na kushoto kwa zamu, kadiri njia ilivyopinda. Mlima Shasta, mita 4,322, theluji kileleni mwezi wa saba, na jua limeupiga rangi ya tende mbivu. Mhudumu alisema ikiwa kwa wakati, treni hii hukatiza hapa kabla jua halijatoka sawasawa.

Saa 3:25 asubuhi tukashuka. Saa ya Shangazi ilisema saa 6:25. Binamu alikuwa jukwaani, amevaa sare za kazi, ametoka zamu ya usiku. Alimkumbatia mama yake, akachukua begi, akasema kwa ule upole wa watoto wanaojua kuchokoza, "Mama, umechelewa siku nzima."

"Sijachelewa," Shangazi alisema, akimtazama alivyokonda. "Umeamka na kazi, umekula nini?"

Ndani ya gari simu yangu ikalia. Ni kijana wa Albuquerque. Alituma picha ya chupa ya siagi ya karanga ya yule bibi, tupu, imesimama kwenye dirisha la chumba chake.